Siku mwali alipotaja jina lake

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, mikono inanuka kunde na mawese, niliposikia neno ninalolijua. Ngoma zilikuwa zimenyamazishwa. Katikati ya ukumbi alikuwepo binti wa miaka kama ishirini na tano, peku, kichwa kimenyolewa, unyoya mwekundu wa kasuku umefungwa kwenye paji la uso, macho amefumba. Mzee aliyealikwa kutoka nyumba nyingine alimshika mkono, akamtembeza taratibu, kisha akamwuliza dijina lake. Binti akanong'ona. Watu wakapiga kelele kwamba hawakusikia. Akaulizwa mara ya pili, akanong'ona tena. Mara ya tatu alijizungusha, akaruka juu, akalitoa jina kwa ukelele ambao mpaka leo nikikaa kimya nausikia. Hapo hapo ngoma zikaitikia, na wanawake watatu wazima niliokuwa nao jikoni mchana kutwa wakapandwa na roho palepale waliposimama.

Mimi nilibaki na lile neno. Dijina. Si Kireno. Asubuhi yake nilimwuliza mama mwenye nyumba niliyopanga, akanijibu huku anachuja kahawa: "Dijina ni jina unalopewa ukizaliwa mara ya pili, mwanangu." Nikamwambia kwetu tunasema jina. Akaacha kuchuja. "Hivyo hivyo?" Hivyo hivyo, Mama.

Hii ilikuwa Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazili, nilikokwenda kwa masomo na kukaa miaka miwili na nusu. Nilipanga chumba mtaa wa Federação. Yule mama alikuwa makota katika nyumba ya Kandomble, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika. Nyumba ni mahali pa ibada, na taifa ni tawi la dini hiyo; yake ilikuwa ya taifa la Angola. Makota ni wanawake wakubwa ambao roho haiwapandi. Kazi yao ni kuwahudumia wanaopandwa: kuwafuta jasho, kuwafunga vizuri nguo, kuwashika wasijigonge. Kwetu Pwani aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo hukaa juu yake. Bahia humwita farasi. Siku niliyomweleza Mama tofauti hiyo alicheka sana, akasema farasi wana shida zaidi, afadhali wangekuwa viti.

Kabla sijaenda nilikuwa na picha moja tu kichwani: kwamba Kandomble ni dini ya Wayoruba iliyovuka bahari. Picha hiyo ina sababu. Nyumba zenye sifa kubwa ni za taifa la Ketu, linaloitwa kwa jina la ufalme wa Kiyoruba ambao leo uko nchini Benin. Casa Branca, iliyoanzishwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na wanawake wa Kiafrika, na ambayo kumbukumbu yake inamtaja Iyá Nassô kama mwanzilishi. Gantois, iliyozaliwa kutoka humo mwaka 1849, ambako Mãe (yaani Mama) Menininha aliongoza tangu 1922 hadi alipofariki 1986. Opô Afonjá, iliyoanzishwa 1910 na Mãe Aninha. Lakini Mãe Aninha huyo, mlinzi mkubwa wa mila ya Ketu, hakuwa Myoruba kwa damu. Wazazi wake walikuwa Wagurunsi, watu wa ndani kaskazini mwa Ghana ya leo na Burkina Faso. Alizaliwa 1869 katika ukoo mmoja, akazaliwa tena katika ukoo mwingine kwa kunyolewa kichwa. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya ile ibada. Watu waliong'olewa kwa mama zao walitengeneza njia ya kupata mama mwingine.

Na kabla ya Wayoruba kuwa wengi Bahia, watu wa Kongo na Angola walikuwa wamekwisha kupelekwa Brazili kwa zaidi ya karne mbili. Hao ni ndugu zetu wa lugha. Katika nyumba za taifa la Angola ngoma huitwa ngoma, na hupigwa kwa viganja, wakati nyumba za Ketu hutumia fimbo nyembamba. Mungu ni Nzambi. Kiongozi wa kike huitwa mam'etu, wa kiume tat'etu. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani, ni mama yetu na baba yetu. Hata jina lenyewe la Kandomble, mtaalamu wa lugha Yeda Pessoa de Castro alilihusisha na kitenzi cha Kibantu cha kuomba, kulomba. Nilipolisoma hilo niliinuka mezani nikaenda kusimama dirishani. Miezi sita nilikuwa nasema neno hilo kila siku bila kujua kwamba lina ukoo na neno ninalolitumia kila nikitaka chumvi.

Sasa ule usiku. Anayeingizwa katika nyumba za Ketu huitwa iyawo, neno la Kiyoruba la mke, hasa bibi harusi anayeingia katika nyumba ya watu. Katika nyumba za Jeje, zilizotokana na watu wa Dahomey, ufalme wa zamani katika Benin ya leo, huitwa vodunsi, na ile -si ya mwisho kwa Kifon ni mke: mke wa voduni, yaani roho inayoabudiwa. Katika nyumba za Angola huitwa muzenza, neno lililo karibu na nzenza ya Kikongo, yaani mgeni. Mke, mke, mgeni. Wanaume nao huingizwa, na nyumba kadhaa kubwa za Angola ziliasisiwa na wanaume, lakini hata wao huitwa kwa maneno hayo hayo. Mimi nilipomwona yule binti akitolewa ukumbini, neno lililonijia halikuwa lolote kati ya hayo. Nilisema kimoyomoyo: mwali anatoka.

Nimezaliwa Lindi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi, na mimi nilichezwa unyago likizo moja ya shule ya msingi, nikiwa na miaka tisa. Tuliwekwa ndani, tukafundwa, tukaimbiwa, tukatolewa kwa vigelegele tumevaa kanga mpya. Nilipofika chuo kikuu nilijifunza haraka kutolitaja jambo hilo. Siku moja darasani mhadhiri aliuliza ni nani amepitia "mila potofu" za kusini, na wenzangu wakacheka kabla mtu hajajibu. Nikacheka nao. Sitaki kusema uongo hapa: lipo la kulaumiwa. Nawajua wasichana waliofundwa mambo ya ndoa wakiwa wadogo mno na wasirudi shuleni, na hilo bibi yangu mwenyewe lilimuudhi, maana zamani hakuchezwa mtoto wa miaka tisa. Lakini kicheko changu hakikuwa cha hoja hiyo. Kilikuwa cha aibu, na kilimcheka bibi yangu.

Kwa hiyo nilikwenda Bahia nikiwa mtu wa kuuliza maswali. Nilikuwa na daftari. Mama makota aliliona siku ya kwanza aliponipeleka kwenye nyumba yao, akanivua mkononi kama unavyomvua mtoto kisu, akanipa beseni la kunde.

Acha niseme kuhusu hizo kunde. Zinavunjwavunjwa kidogo, zinalowekwa, kisha zinasuguliwa kwa viganja majini mpaka maganda yaelee. Unayamwaga, unaongeza maji, unasugua tena. Kila kunde ina doa jeusi kwenye jicho, na doa hilo nalo sharti litoke. Ukilala kidogo tu, andazi linakuwa na vidoa na mama wa jikoni anarudisha beseni zima bila neno. Nilisugua kunde Jumamosi nne mfululizo. Jumamosi ya tano mwanamke aliyekuwa kando yangu, bila kuulizwa, alianza kunieleza kwa nini muzenza hulala juu ya mkeka. Jumamosi ya sita akaniambia kuhusu ushanga wa shingoni. Hakuna hata siku moja niliyopata jibu kwa sababu ya swali. Majibu yalikuja kwa sababu ya kunde. Ndivyo ilivyo humo: ujuzi una umri wake, na umri unahesabiwa tangu siku ya kunyolewa, si ya kuzaliwa. Niliona bibi wa miaka sabini aliyeingizwa juzi akimwinamia na kumwomba baraka mwanamke wa miaka thelathini aliyeingizwa akiwa mtoto. Hakuna aliyeona ajabu.

Kunde hizo ndizo za akaraje, andazi linalokaangwa kwa mawese, lenye jina la akara kutoka kwa Wayoruba. Wanawake wenye vilemba na magauni meupe wanaoliuza kwenye pembe za barabara za Salvador, kazi yao ilitambuliwa na serikali kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Watalii huwapiga picha. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba tangu zamani za utumwa, wengi waliuza akaraje ili kulipia ibada yao wenyewe, maana kuingizwa ni gharama: vitambaa, vyungu, wanyama, chakula cha wageni, siku ambazo hufanyi kazi. Yule binti wa usiku ule aliuza kando ya shangazi yake miaka minne. Alinionyesha daftari la shule aliloandika humo kila senti. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeganda kwa mafuta.

Nini hufanyika ndani siku zile? Siwezi kusema nilichokiona, kwa sababu sikukiona. Chumba hicho hakiingiwi na asiyepitia. Yanayojulikana na kila mtu Bahia ni haya. Mwanzo kabisa kichwa hulishwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachopokea. Mwali hukaa ndani siku kadhaa, mara nyingi 21, ingawa wazee hueleza kwamba zamani ilikuwa miezi. Huogeshwa kwa maji ya majani, hunyolewa, huchanjwa, hufundishwa kucheza na kuimba kwa lugha asiyozaliwa nayo. Hula kwa mkono, hulala chini. Wanaoingia pamoja huitwa barko, yaani chombo cha baharini, na kila mmoja ana cheo cha kudumu kwa jinsi walivyofuatana: wa kwanza ni dofona, wa pili dofonitinya, na kuendelea. Hawatasahauliana mpaka kufa. Nilimwuliza Mama kwa nini chombo. Hapo ndipo niliposahau sheria ya kutouliza, lakini hakunigombeza. Alisema watu waliosafiri pamoja chini ya sitaha ya meli moja waliitana ndugu hata wakiuzwa mashamba tofauti, na mwali wa chumba kimoja ni hao hao. Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Hiki chombo sisi ndio tunaamua kinatia nanga wapi."

Chini ya kilima cha Casa Branca, pembezoni mwa barabara ya Vasco da Gama nilikokuwa nikipandia basi, pana chombo cha kujengwa kwa heshima ya Oxum, malkia wa maji matamu. Nilikuwa nakipita kila siku nikidhani ni pambo. Nyumba ile ilikubaliwa kulindwa kama urithi wa taifa mwaka 1984, ya kwanza ya dini hizi kupewa hadhi hiyo. Miaka minane tu kabla ya hapo, hadi 1976, nyumba za Kandomble za Bahia zililazimika kuandikishwa polisi ili zipige ngoma. Mama yule anakumbuka. Alikuwa msichana, akitumwa na karatasi kituoni, akisubirishwa kwenye benchi pamoja na walevi wa usiku.

Kuhusu Afrika kwenyewe, nilisoma nilichoweza. Kwa Wafon wa Benin, vodunsi huwekwa katika nyumba ya ibada muda mrefu, hutoka na jina jipya na lugha mpya. Wayoruba hunyoa kichwa cha mteule wa orisha, kama wanavyoziita roho wanazoziabudu, na humpaka juu yake kile kinachomfanya adosu, yaani aliyewekwa wakfu. Na katika ufalme wa Kongo kulikuwa na chama cha kimpasi, ambacho wamisionari wa karne ya 17 walikiandika kwa hofu: wanaoingia walionekana kufa, wakafufuliwa, wakapewa majina mapya. Dona Beatriz Kimpa Vita, msichana wa Kikongo aliyechomwa moto mwaka 1706 kwa kuhubiri kwamba Yesu alizaliwa Kongo, alikuwa amepitia mafunzo ya nganga, yaani mganga, kabla ya kuhubiri. Sisemi kwamba ibada ya Bahia ni hiyo ya Kongo iliyofungwa kwenye kifurushi na kufunguliwa ng'ambo. Walioijenga upya walitoka sehemu zisizojuana, wengine walikuwa maadui, na waliazimana. Nyumba za Angola zimechukua mengi kwa Ketu, na hata unyoya ule mwekundu wa kasuku nilifika nikidhani ni wa Wayoruba peke yao. Ila kufungiwa, kunyolewa, kufa kidogo na kutoka na jina, hayo yalikuwa yanafahamika na mama zao wote kabla ya meli. Ndiyo maana walielewana.

Binti alirudi mitaani akiwa na kele, ule ushanga unaobana shingo, akiwa amevaa meupe na kufunika kichwa. Miezi mitatu ya masharti. Siku moja tulipanda basi pamoja. Mwanamume aliyekaa kiti cha jirani alihama, akasimama mlangoni na kuanza kukemea mashetani kwa sauti kubwa, basi zima likisikia. Binti hakuinua uso. Mikono yake ilikuwa magotini, imetulia kama alivyofundishwa. Mwajiri wake alikwisha kumwambia avue ushanga au asije kazini, na hakwenda. Brazili ina siku ya taifa ya kupinga chuki za kidini, Januari 21, iliyowekwa kumkumbuka Mãe Gilda wa Salvador, aliyefariki siku hiyo mwaka 2000 baada ya kudhalilishwa na nyumba yake kuvamiwa. Siku ya taifa haikuwemo ndani ya lile basi. Nilimfuata yule mwanamume kwa macho nikamtambua. Kicheko changu cha darasani kilikuwa na sura hiyo hiyo.

Kuna nyumba nyingine ambayo habari zake zilininyima usingizi, nayo iko mbali, São Luís do Maranhão. Inaitwa Casa das Minas. Wataalamu, Pierre Verger wa kwanza wao, waliihusisha na Na Agontimé, mjane wa mfalme Agonglo wa Dahomey, aliyeuzwa utumwani katika ugomvi wa urithi. Miongoni mwa voduni wa nyumba hiyo wamo wa ukoo wa kifalme wa Abomey, mji mkuu wa Dahomey. Humo walipandwa wanawake tu. Kundi la mwisho la walioingizwa kwa daraja kamili lilifanyiwa ibada mwaka 1914. Baada ya hapo wenye siri walizeeka, hawakuingiza wengine, na wakafa mmoja mmoja. Waliobaki waliendelea kucheza na kuimba miaka mingi, lakini daraja lile halikurudi, kwa sababu hakuna aliyebaki mwenye uwezo wa kulitoa. Nilipoisoma habari hiyo nilihesabu makungwi niliowajua utotoni Lindi. Nilifika wanne. Watatu wamekufa, bibi yangu akiwa wa kwanza, na mimi nilikuwa Dar es Salaam nikijifanya sikusikia simu ya kuitwa kwenye ngoma ya mwisho aliyoisimamia.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, Mama makota alinipikia karuru, bamia kwa kamba na mawese, tukala chini. Binti alikuwepo, kele imekwisha kutolewa, nywele zimeanza kuota. Mama akaniuliza kama kwetu nako watu hupewa dijina. Nikamwambia ndiyo, kwenye unyago. Akauliza langu. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini sijalitamka. Hata mume wangu halijui. Nililitamka, na Mama, ambaye jina langu la pasipoti lilimshinda miaka miwili na nusu, akalirudia sawasawa mara ya kwanza, na binti akalirudia baada yake. Kisha Mama akauliza maana yake.

Sikujua. Nililikumbuka jina na sauti ya bibi akilisema sikioni mwangu, lakini maana ilinipotea, au pengine nilikuwa mdogo mno sikuelezwa. Usiku ule nilimpigia mama yangu Lindi. Kwao kulikuwa kumekaribia kupambazuka, nilisikia majogoo. Nikamsalimu, nikamwambia jina, nikamwuliza maana.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nani kakuuliza?"

Nikamweleza: wanawake wa huku, wanaoweka mwali ndani.

"Huko nako?" Akapumua. "Hayo hayasemwi kwenye simu, mwanangu. Ukija tutatandika mkeka. Na umlete binti yako asikie."

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka minne.